Kutoka Indiana hadi Alabama kwa gari: mwongozo kwa mwalimu wa Kiswahili aliyeko Marekani

Kwa miaka mingi walimu vijana kutoka Tanzania na Kenya wamekuwa wakienda Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, wengi wao kupitia mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni. Muda huo ni kama miezi tisa tu, na huisha kabla mtu hajaizoea baridi. Mwalimu hupangiwa chumba karibu na chuo, hutembea kwa miguu kwenda darasani, hununua chakula katika duka lile lile kila Jumamosi, na siku ya kurudi nyumbani hugundua kwamba alichokiona ni mji mmoja wa wasomi, usiofanana sana na nchi inayouzunguka. Mimi nilifundisha katika mji wa aina hiyo kusini mwa Indiana. Katika likizo ya Machi, mimi na walimu wenzangu wawili tulikodi gari tukashuka hadi Alabama na kurudi, takriban maili 1,400, ambazo ni zaidi ya kilomita 2,200, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi. Namwandikia mwalimu atakayekuja baada yetu, kwa sababu naamini kwa dhati kuwa safari kama hiyo ni sehemu ya kazi iliyompeleka kule.

Kabla ya yote, shika jambo moja, kwa maana utakutana nalo barabarani, mezani na mbele ya askari. Sisi tumelelewa kusoma yasiyosemwa. Mgeni akisema ameshiba, tunajua anaona haya, na tunampakulia. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia porini, tunajua dereva anatuambia tusipite kwanza. Wamarekani wengi, hasa wa katikati ya nchi, hufuata kilichosemwa na kilichoandikwa: kibao ni kibao, neno ni neno, na indiketa ya kulia maana yake ni kwamba mtu anakata kulia. Sehemu kubwa ya mshangao wangu ilitoka katika tofauti hiyo.

Hati na gari

Anza maandalizi mwezi mmoja kabla. Mwarifu mshauri wa wageni chuoni kwako kwamba unasafiri, uache kwake orodha ya miji utakayolala. Ingawa huvuki mpaka wa nchi, chukua pasipoti, fomu ya DS-2019 inayoambatana na viza ya J-1, na nakala ya I-94, yaani rekodi yako ya kuingia nchini, uliyoichapisha kutoka mtandaoni. Sheria ya shirikisho humtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe na uthibitisho wa usajili wake popote alipo, na askari anaweza kuuomba. Beba pia kadi ya bima ya afya, uwe umeisoma, maana safari moja ya gari la wagonjwa inaweza kukuletea ankara inayozidi posho yako ya mwezi. Kwa homa au jeraha dogo, tafuta kliniki ya kutibiwa papo hapo bila miadi badala ya chumba cha dharura cha hospitali. Namba 911 ni ya hatari ya kweli.

Leseni ya nyumbani iambatane na leseni ya kimataifa, ambayo huombwa katika nchi iliyotoa leseni yako, kwa hiyo ishughulikie kabla hujapanda ndege. Kampuni za kukodisha magari huangalia mambo mawili ambayo mwalimu kijana mara nyingi hana: umri wa miaka 25 na kadi ya mkopo. Aliye na miaka 21 hadi 24 kwa kawaida hukodishiwa, lakini hutozwa nyongeza kwa kila siku. Kadi ya benki ya kawaida hukubaliwa mahali fulani na kukataliwa kwingine, na inapokubaliwa, fedha za dhamana huzuiwa katika akaunti kwa siku kadhaa. Hakikisha hizo si ndizo ulizotenga kwa malazi. Kila atakayeshika usukani lazima aandikwe katika mkataba. Sisi tulitaka kumwandika mmoja ili kupunguza gharama, na nashukuru mwenzetu mmoja alikataa katakata, kwani asiyeandikwa akipata ajali, bima haimlindi.

Kuhusu bima yenyewe, usidhani kwamba umekatiwa bima kubwa kwa sababu tu gari ni jipya. Uliza mambo mawili kwa maneno ya wazi: nikiligonga gari hili nani analipa, na nikimgonga mtu mwingine nani analipa. Hayo ni malipo mawili tofauti. Kisha lizunguke gari na simu mkononi, upige picha kila mkwaruzo, magurudumu, kioo cha mbele, geji ya mafuta na maili zilizosomeka. Tulilipiga picha gari letu tulipolichukua, lakini siku ya kulirudisha tulikuwa na haraka tukaacha. Baadaye tulidaiwa mkwaruzo wa mlango wa nyuma ambao hatukuufanya. Tukazituma picha za siku ya kwanza, ulikuwa umo, na dai likafutwa. Lau usingekuwa katika picha, tungelipa.

Upande wa kulia

Kuendesha kulia si kugumu barabarani kwenye magari mengi, kwa sababu unafuata wenzako. Hatari iko mahali patupu: unapotoka kituo cha mafuta alfajiri, unapoacha maegesho ya hoteli, unapokata kushoto kuingia barabara isiyo na gari hata moja. Hapo mkono hurudi ulikozoea. Kanuni iliyotusaidia ni kwamba dereva hukaa upande wa mstari wa katikati ya barabara, kwetu na kwao pia; ukijikuta uko karibu na nyasi na abiria wako ndiye aliye karibu na mstari, umekosea. Kazi ya abiria wa mbele ilikuwa kusema "kulia" kwa sauti kila tulipotoka mahali tuliposimama, na tulifanya hivyo hadi siku ya mwisho bila kuona aibu. Kipilefti nacho huzungukwa kinyume na kwetu: unaingia kwa kulia na kuwapisha wanaotoka kushoto kwako. Tulifanya mazoezi kwa saa nzima asubuhi ya Jumapili katika maegesho ya duka kubwa, na hiyo saa ilikuwa na thamani kuliko video zote nilizozitazama.

Alama zao zina mambo ambayo hatuna. Kwenye njia panda yenye kibao chekundu cha kusimama pande zote nne, kila gari husimama kabisa, magurudumu yasiviringike hata kidogo, kisha anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuondoka. Mkifika pamoja, mpishe aliye kulia kwako. Hakuna kumulikiana taa wala kusukumana. Kwenye taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama na kutazama, isipokuwa pameandikwa marufuku. Basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu na kutoa mkono wake wa kibao, simama nyuma yake, na simama pia ukiwa unatoka mbele yake, isipokuwa barabara imetenganishwa katikati. Niliona barabara nzima imekauka kimya, magari yapata kumi kila upande, kwa ajili ya mtoto mmoja aliyeshuka na begi lake akavuka polepole kuelekea kwao. Sisi tunaoishi na habari za watoto kugongwa karibu na shule zetu tulibaki tumenyamaza hata baada ya basi kuondoka.

Barabara kuu za majimbo zilijengwa chini ya sheria iliyosainiwa na Rais Eisenhower mwaka 1956, na namba zake zina mpango: zisizogawanyika kwa mbili huenda kaskazini na kusini, zinazogawanyika huenda mashariki na magharibi. Namba 65, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa safari hii, hushuka kutoka Indiana kupitia Kentucky na Tennessee hadi Alabama. Namba za kutokea hufuata maili, kwa hiyo ukiwa maili ya 22 na unakotokea ni namba 53, umebakiza maili 31. Mwendo wa juu katika sehemu za mashamba ni maili 70 kwa saa, kama kilomita 113. Njia ya kushoto ni ya kupita, na anayeikalia huku akienda taratibu huwaudhi watu. Ukiona gari la polisi au la kukokota limesimama pembeni na taa zinawaka, hama njia moja mbali nalo, maana sheria inataka hivyo. Indiana na Tennessee zimepiga marufuku kushika simu unapoendesha, kwa hiyo ramani iachie abiria.

Nchi hiyo nayo haina kuchimba dawa. Usimame pembeni mwa barabara kuu kwa dharura ya gari tu. Kila baada ya maili kadhaa kuna kituo cha mapumziko cha bure chenye vyoo safi, ramani za jimbo na meza za kulia chakula chini ya miti. Tulikula humo mikate yetu ya mayai karibu kila mchana, na tuliokoa fedha nyingi. Mafuta unajaza mwenyewe. Mashine huomba namba ya posta ya mwenye kadi, na kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi haina namba wanayoitaka. Ingia ndani, mwambie mhudumu namba ya pampu na kiasi unachotaka, kisha ulipe kwanza. Angalia maandishi kabla ya kushika mpini, kwa sababu katika sheli nyingi za kule mpini wa kijani ni wa dizeli.

Ukisimamishwa na askari

Hapa naomba usome taratibu. Kwetu dereva akipigwa tochi husimama, hushuka na leseni mkononi, huenda kumsalimia afande na kujieleza, na kubaki ndani ya gari huonekana kama dharau. Marekani ni kinyume chake kabisa. Askari wao hufikiria kwamba kila gari linaweza kuwa na bunduki, na mtu anayeshuka na kumwendea huwa tishio machoni pake.

Tulisimamishwa jioni moja kwa sababu ya mwendo, na kosa lilikuwa letu. Mwenzetu aliyekuwa akiendesha aliegesha vizuri, akafungua mkanda, na mkono wake ukaenda kwenye kitasa kwa mazoea ya miaka. Mlango ulipofunguka kiasi cha upana wa kiganja, sauti kali ya kipaza sauti ikamwamuru abaki ndani. Niliona mikono yake inatetemeka juu ya usukani mpaka askari alipofika dirishani. Alizungumza nasi kwa adabu, akatazama leseni, akauliza tunafundisha nini, na akatuachia na onyo la maandishi. Lakini sekunde zile chache za mlango ulio wazi sitazisahau.

Basi fanya hivi. Washa indiketa, egesha kulia mahali salama, zima injini, washa taa ya ndani ikiwa ni usiku, teremsha kioo, weka mikono yote juu ya usukani na abiria waweke yao mapajani ionekane. Usitafute hati kabla hujaombwa. Ukiombwa, sema ziko wapi kwanza: "Leseni iko katika mkoba ulio nyuma yangu, naweza kuichukua?" Ndipo uichukue polepole. Usitaje fedha kwa namna yoyote, hata kuuliza kama faini inaweza kulipwa pale pale, kwa sababu swali hilo linaweza kusikika kama rushwa, na rushwa ni jinai. Tikiti hulipwa baadaye kwa njia iliyoandikwa juu yake.

Salamu, chakula na neno lililosemwa mara moja

Novemba, kabla ya safari hii, mwanafunzi wangu mmoja alinialika kwao kwa sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Nilifika nina njaa. Mama yake akaniuliza kama ningependa kula kitu wakati tunasubiri wengine, nami nikajibu kama nilivyofundishwa na bibi yangu: "Hapana, asante, niko sawa." Akasema vizuri, akaondoka na sahani. Saa mbili nzima nilikaa nikinusa bata mzinga ulioko jikoni, nikisubiri karibu ya pili ambayo haikuja. Mama yule hakuwa mchoyo. Alikuwa ameniheshimu kwa kuniamini. Tangu siku hiyo nimewaambia wageni wote kutoka kwetu: ukitaka, sema ndiyo mara ya kwanza. Na wewe ukimkaribisha Mmarekani akakataa, usimpakulie kwa nguvu, kwa kuwa ataona hukumsikiliza.

Vivyo hivyo "habari yako" ya kupishana ukumbini si swali la kukaa. Jibu ni neno moja, na mtu hupita bila kusubiri habari za nyumbani, za watoto na za kazi. Mwezi wa kwanza niliumia sana, nikadhani nimewakosea. Wanafunzi nao huita wakufunzi kwa majina yao ya kwanza, hunywa kahawa darasani, na huinuka kwenda msalani bila kuomba ruhusa. Ukichukulia hayo kuwa utovu wa adabu utachoka bure. Lakini ukishuka kusini mwa Kentucky, mambo hubadilika. Watu wasiokujua hukusalimia, dereva wa mashambani huinua vidole kutoka kwenye usukani, na vijana huwaitikia wazee kwa neno la heshima mwishoni mwa kila jibu. Bibi mwenye nyumba tuliyolala huko Alabama aliitwa na majirani zake kwa jina lake la kwanza likitanguliwa na neno la heshima, kama sisi tunavyosema Bi Fulani. Nilijisikia niko karibu na shikamoo kuliko wakati wowote tangu niondoke nyumbani.

Mezani, mambo mawili hayasemwi, na ni lazima uyajue mwenyewe: kodi ya mauzo huongezwa kaunta, haimo katika bei iliyobandikwa, na mhudumu wa mgahawa hutegemea bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Iweke katika bajeti kama sehemu ya bei, kwa sababu mshahara wa chini wa shirikisho kwa wahudumu wanaopokea bakshishi umebaki dola 2.13 kwa saa tangu 1991. Mtu huyo hulipwa na wewe.

Chakula cha kusini kitakushangaza kwa namna nyingine. Ukiagiza chai bila maelezo, utaletewa glasi kubwa ya chai baridi yenye barafu na sukari nyingi. Ukitaka ya moto, sema ya moto. Katika mgahawa wa chakula cha Wamarekani weusi huko Memphis, jimbo la Tennessee, tuliletewa bamia, kunde, mboga ya majani mapana iliyo ndugu wa sukuma wiki, na uji mzito wa mahindi meupe ambao mwenzetu kutoka Iringa aliuonja, akaweka kijiko chini, akasema ni ugali uliokosa moto. Bamia na kunde ni mazao yenye asili ya Afrika yaliyovuka bahari zama za utumwa, na watu wanaoyapika leo wanalijua hilo. Muislamu na asiyekula nguruwe aulize kila sahani, hata ya majani, kwa kuwa mboga hizo mara nyingi huchemshwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na haitajwi katika orodha.

Njia yenyewe na pa kusimama

Kutoka kusini mwa Indiana utavuka mto Ohio kuingia Louisville. Madaraja ya namba 65 hutozwa ushuru na hayana kibanda cha kulipia. Kamera husoma namba ya gari, na kampuni ya kukodisha huweza kukuongezea ada yake juu ya ushuru. Daraja la zamani la Clark, linaloingia Mtaa wa Pili, ni la bure. Mjini hapo kuna kituo cha kumbukumbu cha Muhammad Ali, mzaliwa wa Louisville. Watu wetu wengi humkumbuka kwa pambano la Kinshasa la Oktoba 1974, lakini mwalimu Mtanzania anaweza kuwasimulia wanafunzi wake kisa kingine: Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki za Moscow, kituo cha kwanza kikawa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye.

Saa moja na nusu kusini kuna hifadhi ya pango la Mammoth, mfumo mrefu kuliko yote inayojulikana duniani, zaidi ya maili 420 zilizopimwa. Kiingilio cha hifadhi hakuna, ila ziara za ndani zina tiketi, na katika likizo huisha mapema, kwa hiyo zikate mtandaoni. Ndani kuna nyuzi joto kama 12 mwaka mzima, vaa sweta. Muulize mwongozaji habari za Stephen Bishop, aliyeanza kuongoza wageni humo mwaka 1838 akiwa bado mtumwa, na aliyechora ramani ya pango kwa kumbukumbu yake.

Hapo ndipo saa inapobadilika. Louisville hufuata saa ya mashariki na pango hufuata saa ya kati, hivyo saa nne asubuhi ya Louisville ni saa tatu ya pangoni. Tena, Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku, nchi karibu yote husogeza saa mbele kwa saa nzima. Simu hujirekebisha, saa ya gari haifanyi hivyo. Kwa mtu wa ikweta ambaye jua lake huchomoza saa kumi na mbili mwaka mzima, na anayehesabu saa kuanzia mapambazuko, jambo hili linachanganya kweli. Tuliamua kuandika kila miadi kwa saa ya mji husika, na jina la mji pembeni.

Nashville tuliipita kwa usiku mmoja. Memphis ipe siku nzima, isiwe Jumanne, ambayo kwa kawaida jumba la makumbusho ya haki za raia hufungwa. Jumba hilo limejengwa kwenye hoteli ya Lorraine, ambako Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968 akiwa amekuja kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Chumba namba 306 kimeachwa kama kilivyokuwa, na shada la maua limetundikwa kwenye roshani mbele yake. Watu hupunguza sauti wanapofika hapo.

Katika foleni ya jumba hilo mzee mmoja alituuliza tunatoka wapi. Tuliposema Tanzania, uso wake ulifunguka, akasema: "Habari gani?" Nikamjibu: "Nzuri, shikamoo mzee." Akabaki akinitazama, bado anangoja. Kisha akanifundisha: katika sikukuu ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966 na kuadhimishwa kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, swali hilo hujibiwa kwa nguzo ya siku hiyo, yaani umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba au imani. "Mimi huijibu Imani mwaka mzima," akasema. Ulimi wa mwalimu wa lugha ulitaka kusahihisha. Nashukuru sikufanya hivyo. Maneno yale yamekaa katika nyumba yake miaka mingi, yamesomwa mbele ya mishumaa na wajukuu wake, na ni yake kama yalivyo yangu. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, na utakutana naye, jibu kwa jibu lake, kisha mwambie lenu.

Kutoka Memphis barabara namba 22 itakufikisha Birmingham, penye kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 ambamo bomu liliwaua wasichana wanne tarehe 15 Septemba 1963. Montgomery iko mwendo wa saa moja na nusu mbele. Kanisa la Dexter Avenue, ambako King alikuwa mchungaji kuanzia 1954 hadi 1960, liko hatua chache kutoka makao ya serikali ya jimbo. Ni katika miaka hiyo, mwaka 1959, alipokutana na Tom Mboya aliyekuwa akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo Marekani. Mlimani kuna ukumbusho wa waliouawa na makundi ya watu kwa sababu ya rangi yao, uliofunguliwa mwaka 2018. Ni nguzo za chuma chenye kutu, zaidi ya 800, kila wilaya na yake, na majina yamechongwa juu yake. Mwanzoni nguzo ziko usawa wa macho. Unavyotembea sakafu inateremka na nguzo zinabaki juu, mpaka unajikuta chini yao umeinua shingo. Usipange kuendesha gari mara baada ya kutoka hapo. Sisi tulikaa kwenye benchi, hakuna aliyesema neno, na tuliahirisha Selma, mji wa maandamano ya kudai haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, hadi kesho yake.

Machi ni mwezi wa vimbunga vya tufani kusini. Tulikuwa mgahawani simu zote zilipolia kwa pamoja, zetu na za wateja wengine, mlio mmoja mkali. Jifunze kutofautisha ujumbe wa aina mbili: wa kwanza husema hali inaruhusu kimbunga kutokea, na wewe ukae macho, wa pili husema kimbunga kimeonekana au kimegunduliwa na rada, na hapo unaingia mara moja chumba cha ndani cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha. Wenyeji waliinuka wote kimya kimya wakaelekea kwenye korido ya vyoo, nasi tukawafuata. Ukiwa barabarani, usijifiche chini ya daraja la barabara. Toka kwenye njia kuu, utafute jengo imara.

Njia ya kurudi ni namba 65 moja kwa moja kwenda kaskazini. Usipite Bowling Green bila kusimama. Huko na Louisville wanaishi Wakongo na Warundi wengi waliokuja kama wakimbizi, na katika duka dogo la vyakula utasikia Kiswahili chao. Mama aliyekuwa kaunta alituambia "aksanti" na "karibu sana", akatuonyesha sombe iliyogandishwa, ambayo sisi huita kisamvu, na lengalenga, ambayo kwetu ni mchicha. Alituuliza kama tumekula. Tukasema tumeshiba. Akatoa sahani tatu bila kutujibu, akapakua wali na sombe, akasema tukae.

Tulikaa zaidi ya saa moja, na hapo tulisahau hesabu. Bowling Green hufuata saa ya kati, Indiana kusini kwa sehemu kubwa hufuata ya mashariki, kwa hiyo unaporudi unapoteza saa nzima, na gari linaloletwa baada ya muda ulioandikwa huweza kutozwa siku nyingine. Piga simu kwa kampuni ukiwa bado mezani, uombe kuongezewa muda, na hakikisha wameuandika.